Maswali yenu ya diski breki: hiyo kss kss inatoka wapi?

Meseji za wiki hii karibu zote ni za diski breki za mauntein. Hapa Tanga baiskeli ndo mguu wa pili wa mtu, ila kinachoniuma ni kuona mtu kasikia kss kss kidogo basi kachomoa breki ya mbele yote, anatembelea ya nyuma tu. Msichomoe jamani, breki ya mbele ndo inayokusimamisha hasa.

Nimeziba pancha mwenyewe, kurudisha tairi diski inakwaruza, kabla haikuwa hivyo. Kalipa (kile kifaa kinachobana pedi kwenye diski) imehama? (Chumbageni)

Haijahama kaka, tairi ndo halijakaa. Isimamishe baiskeli kwa tairi zake, usiipindue, legeza ekseli, kandamiza usukani ekseli iingie mpaka mwisho pande zote mbili za foku, alafu kaza. Nafasi kati ya pedi na diski haifiki hata nusu milimita kila upande, kwahiyo ekseli ikikaa upande kidogo tu diski inalalia pedi. Angalieni hili kwanza kabla hamjashika spana nyingine yoyote.

Yangu ni ya waya. Nikilegeza waya haigusi lakini haishiki, nikikaza inashika lakini inagusa. Nifanyeje? (Ngamiani, barabara ya 12)

Hili ndo swali lenyewe dada, na wengi tumelikosea. Breki nyingi za waya pedi inayotembea ni moja tu, ile ya nje, ya ndani imetulia pale pale inasubiri diski isukumwe iifuate. Sasa ukihangaika na waya peke yake unarekebisha upande mmoja, ule wa pili hujaugusa. Fanya hivi: legeza waya mpaka ule mkono wa kwenye kalipa urudi mwisho wake, legeza bolti mbili zinazoshika kalipa kwa alenki namba 5 ili kalipa icheze, alafu pitisha alenki kati ya spoku uzungushe skrubu ya pedi ya ndani mpaka iguse diski. Minya breki, shikilia hivyo hivyo, kaza zile bolti mbili kidogo kidogo kwa zamu, usimalize moja ndo uende nyingine maana kalipa itapinda. Achia, rudisha skrubu ya ndani kidogo sana, zungusha tairi. Weka karatasi nyeupe nyuma ya kalipa uchungulie, mwanga uonekane pande zote mbili za diski, wembamba kama uzi. Hapo ndo ukaze waya, na uukaze wa kutosha kuondoa ulegevu tu.

Nasisitiza hapo kwenye waya kwasababu yalinikuta. Fundi mmoja alinikazia waya mpaka mkono wa kalipa ukawa umeshavutwa nusu, mjini ilishika vizuri kabisa, siku nateremka toka Lushoto kwenda Mombo, zaidi ya kilomita 30 za kona, kufika Soni pedi zimelika kidogo na breki inagota kwenye usukani haishiki kitu. Nilishuka nikakokota.

Inagusa sehemu moja tu kila tairi likizunguka. (Pongwe)

Diski imepinda, kalipa iache. Tafuta pale inapogusa, weka alama kwa maka peni pembeni, alafu ishike kwa spana malaya SAFI isiyo na mafuta na uivute kidogo, angalia tena, vuta tena. Nyundo hapana. Na usishike wakati ndo umeshuka mlima, inaunguza. Ukiweza pima na unene, diski nyingi zikiwa mpya ni milimita 1.8, Shimano, watengenezaji wa breki, wao wanasema ikifika 1.5 itolewe.

Yangu ni hidroliki (inasukumwa na mafuta, siyo waya). Tairi lilikuwa nje, mtoto akaminya breki, sasa pedi zimegandana diski haiingii. (Raskazone)

Usimpige mtoto, haijaharibika. Chukua kijiti bapa cha mbao au plastiki, ingiza katikati ya pedi, zitanue taratibu pistoni zirudi ndani. Bisibisi usitumie, inachubua pedi. Rudisha tairi, legeza bolti mbili za kalipa, minya breki, kaza ukiwa umeminya. Na siku ukiipakia kwenye basi tairi likiwa nje, bana kipande cha boksi kati ya pedi.

Inapiga kelele, nikapulizia WD-40, sasa haishiki kabisa!! (Muheza)

Ooh, pole sana mjomba. Diski haipakwi mafuta ya aina yoyote, hata ya nazi, hata tone. Isafishe kwa spirit na kitambaa kipya, pedi jaribu kuzipiga msasa lakini zikiwa zimeshanyonya nunua nyingine. Mpaka hapo usiipande.

Naweza kuongeza brek fluid ya gari? (Bombo)

Soma kifuniko cha kwenye mkono wa breki. Kimeandikwa DOT (ndo hiyo brek fluid kama ya gari), weka DOT ile ile iliyotajwa, breki za Avid na SRAM nyingi ndo hizo. Shimano na Tektro zinatumia mineral oili, ukitia DOT humo mipira ya ndani inavimba na breki imekufa.