Njoo tu mama, hakuna anayeulizwa kanisa

Mama, umeuliza kama mtu wa kanisa lingine anaweza kuja kula kanisani kwetu Jumapili hapa Goma, na kama ataombwa sadaka. Uje bila wasiwasi. Mimi ni mmoja wa wamama wa jikoni: hatuandiki majina, na kapu la sadaka halipiti mezani.

Tunapika fufu, maharagi na sombe (majani ya muhogo), pamoja na sambaza, samaki wadogo wa Ziwa Kivu, bei ikituruhusu. Sombe ndiyo hutuchelewesha, maana lazima itwangwe vizuri na ichemke sana hadi sumu ya majani iishe. Kwa hiyo ukikuta kwaya bado inaimba na sahani hazijatoka, vumilia. Wanaimba Kiswahili na Kilingala, na wazee wetu hucheza kushinda vijana!

Mwezi wa 5 mwaka 2021, volkano ya Nyiragongo ilipolipuka, wengi wetu tulikimbilia Sake na Minova. Mimi na watoto tulikula kwenye sufuria ya watu tusiowajua kabisa. Ndiyo sababu napika.

Leta watoto wote. Na kama una sahani nyumbani, beba, zetu hazitoshi.