Lenzi ya zamani kwenye kamera mpya: kwa wanaoanza

Kabla ya kutoa pesa, omba tochi. Fungua tundu la lenzi hadi mwisho, mulika kwa nyuma, chungulia kwa mbele. Ukiona nyuzi nyembamba kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu, na sisi wa kando ya Ziwa Victoria, kuanzia Entebbe hadi Jinja, tunaijua: inapenda unyevu na giza. Muuzaji atakwambia inafutika. Mwachie lenzi yake. Ukipata iliyo safi, usiifungie kwenye mfuko wa ngozi. Iweke kwenye kopo lenye mfuniko pamoja na vipakiti vya silika vya kunyonya unyevu.

Wengi huanza na Helios 44-2, lenzi ya Kisovieti ya milimita 58, ya f/2 (kipimo cha tundu likiwa wazi kabisa), inayofungwa kwa skrubu ya aina ya M42. Sina ugomvi nayo. Ina pete mbili za tundu: moja huweka kikomo, nyingine hufungua na kufunga bila kukipita. Kwenye kamera yenye sensa ndogo ya APS-C itaona kama lenzi ya milimita 87 hivi kwenye sensa kubwa, kwa hiyo ni ya sura za watu, si ya chumba kidogo.

Adapta, kiungo cha lenzi na kamera, ni bomba tupu. Lenzi ya M42 inataka milimita 45.46 kutoka inapofungiwa hadi kwenye sensa. Kamera za Sony za mlango wa E zina 18 tu, na bomba hujaza pengo hilo. Kamera za zamani zenye kioo cha kuakisi mbele ya sensa au filamu hazikuwa na nafasi hiyo ya ziada. Za Nikon za mlango wa F, kwa mfano, zina 46.5, ndiyo maana adapta yake ya M42 huhitaji kilenzi ndani ili vitu vya mbali vitoke vikali. Adapta nyingi za bei nafuu hukatwa fupi kidogo, basi usiiamini alama ya mbali kabisa kwenye pete ya fokasi. Amini jicho.

Kamera ikigoma kupiga kwa kuwa haiitambui lenzi, ingia kwenye menyu uruhusu kupiga bila lenzi. Kama ina kituliza mtikisiko, iambie mwenyewe kwamba lenzi ni ya milimita 58.

Sasa fokasi, ambapo wengi hukata tamaa. Ile mistari ya rangi ambayo kamera huwasha kwenye ukingo wa vitu vilivyo kwenye fokasi hudanganya. Mpige picha dereva wa boda kwa f/2, mita moja na nusu kutoka kwako: mistari itawaka kwenye ukingo wa helmeti, wewe utafurahi, na jicho litatoka laini, maana sehemu iliyo kali ni sentimita chache tu. Tumia mistari kukaribia, kisha kuza picha kwenye jicho lililo karibu nawe, sogeza pete taratibu, piga tatu au nne mfululizo. Mtu akipumua tu, umeshampoteza. Kwa hiyo kwenye kwanjula (sherehe ya kutambulisha wachumba) ya kulipwa, msafara wa wageni ukiingia, tumia lenzi yako ya fokasi otomatiki bila aibu. Ya zamani itoe wazee wakishaketi, au kwa vikapu vya zawadi na mkunjo wa gomesi, vazi la akina mama.

Kamera haitaandika umetumia f ngapi. Ukitaka kujifunza kutokana na picha zako, ipige picha pete ya tundu yenyewe kwa simu kabla ya kila mfululizo.