Muulize Mzee wa Usukani: Kamera iliyonigeukia mimi

Mzee, shikamoo. Naendesha trela mwaka wa 14 sasa, sijagonga mtu wala kuangusha mzigo. Mwezi uliopita tajiri wetu ametufungia kamera mbili kwenye kioo cha mbele: moja inatazama barabara, nyingine inanitazama mimi. Ya barabara sina neno nayo. Hii ya pili inaninyima raha. Nikitazama kioo cha pembeni inalia, nikipiga mwayo inalia. Usiku nalala humo humo kabini, na siku ya tatu nikaifunika kwa shati. Asubuhi nikapewa barua ya onyo. Sasa wameleta karatasi ya kusaini. Je, inarekodi muda wote? Nisaini au nikatae?
Dereva wa masafa marefu

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, maana kamera hiyo naijua kwa mbele na kwa nyuma. Niliendesha malori miaka 19. Mgongo uliponikatalia nikapewa meza ofisini, na kwa miaka 6 kazi yangu ikawa kutazama klipu za madereva wenzangu.

Kamera nyingi za aina hiyo hurekodi mfululizo kwenye kadi iliyo ndani yake, picha mpya zikifuta za zamani. Kinachopelekwa ofisini kwa laini ya simu ni kipande kifupi, sekunde chache kabla ya tukio na chache baada yake: breki ya ghafla, kona iliyokatwa kwa kasi, au pale programu inapodhani umesinzia. Hiyo ndiyo kawaida. Lakini zipo zinazomruhusu mtu wa ofisini akufungue na kukutazama papo hapo, saa yoyote atakayo, na zipo zinazobaki macho hata ukizima injini. Ukiiangalia kwa nje huwezi kujua yako ni ya aina gani, kwa hiyo swali lako la kwanza liulize kwa maandishi na udai jibu kwa maandishi. Wala usidhani giza linakusitiri. Kando ya lenzi kuna taa ndogo za infraredi, mwanga ambao jicho la mtu halioni, na mbele ya mwanga huo uso wako unaonekana usiku wa manane kama adhuhuri.

Kuhusu ile milio, programu inapima uso umeelekea wapi na kwa muda gani, na inapima kope. Kipimo cha usingizi kinachotumika sana kilibuniwa miaka ya 1990: katika dakika moja, ni kwa sehemu gani ya muda huo kope zimeifunika mboni kwa asilimia 80 au zaidi. Ni kipimo chenye maana, sitakudanganya. Niliwahi kutazama klipu ya kijana aliyefumba macho sekunde 3 gari likiwa kwenye kilomita 80 kwa saa. Hesabu mwenyewe: karibu mita 67 za barabara, tani zote zile nyuma yake, na usukani hauna mtu. Mlio ndio uliomwamsha. Nikimkumbuka kijana yule siwezi kuiita kamera adui.

Ila programu hiyo hiyo haijawahi kukata kona na trela. Anayekata kona lazima aufuate mkia kwenye kioo cha pembeni mpaka matairi ya nyuma yapite salama. Hiyo ndiyo kazi yenyewe, lakini mashine inaandika kwamba ameacha kutazama barabara. Nilikuwa na dereva mwenye macho membamba tangu kuzaliwa. Kila siku jina lake lilikuwa juu kabisa kwenye orodha ya wanaosinzia, na hakuna aliyekuwa makini kumzidi. Ilinichukua miezi miwili kumshawishi mkuu wangu aache kumwandikia barua. Kwa hiyo kila mlio unaouona si wa haki, andika saa na mahali siku hiyo hiyo. Usiongoje uitwe.

Sasa lile shati. Ukiwa barabarani usiifunike. Utampa tajiri sababu ya kukuondoa, na siku ukigongwa watauliza ulikuwa unaficha nini. Lakini gari likishaegeshwa na mapumziko yakaanza, kabini inageuka chumba chako: humo unabadili nguo, unasali, unaongea na watoto wako, unalala. Marekani dereva wa mizigo anatakiwa apumzike saa 10 mfululizo ndipo aendeshe tena, na asizidishe saa 11 kwenye usukani. Mapumziko hayo anaruhusiwa kuyapata kwenye kitanda cha kabini, na sheria inayahesabu kuwa muda wa nje ya kazi. Kama muda ule si wa kazi, kamera ya kazi inatazama nini pale? Omba kifuniko cha lenzi cha kutelezesha, au mfumo uwekwe ili kamera ya upande wa dereva ijizime injini inapozimwa. Barua ya onyo ijibu. Taja saa uliyoifunika, na useme gari lilikuwa limeegeshwa nawe umelala. Kaa na nakala.

Karatasi usiisaini umesimama dirishani na foleni nyuma yako. Ichukue, ikasome. Tafuta neno moja humo: uso. Kupiga picha ya uso ni jambo moja, na kupima umbo la uso ili mashine ikutambue ni jambo jingine, zito zaidi, kwa sababu nenosiri likiibwa unaweza kulibadili, uso huwezi. Jimbo la Illinois, huko Marekani, lina sheria ya mwaka 2008 inayomtaka anayechukua vipimo vya namna hiyo akueleze kwa maandishi anachukua nini, kwa nini, atakaa nacho muda gani, kisha apate ridhaa yako ya maandishi. Madereva wa malori wamekwisha kuitumia. Oktoba 2022 jopo la raia katika mahakama ya Chicago liliona kwamba kampuni moja ya reli iliivunja dhidi ya madereva zaidi ya 45,000, waliokuwa wakichukuliwa alama za vidole langoni bila ridhaa hiyo. Ilikuwa ni vidole, lakini sheria ile ile inataja na umbo la uso.

Ulaya wameanzia kwenye gari lenyewe. Kanuni yao ya mwaka 2019 inayolazimisha magari mapya yawe na kifaa cha kumwonya dereva anayechoka au kuzubaa, inasema pia kwamba kifaa hicho kisirekodi mfululizo, data yake isifikie mtu mwingine wakati wowote, na ifutwe mara baada ya kutumika. Isome tena sentensi hiyo, mwanangu, kisha uipeleke kwa tajiri. Mashine inaweza kukuamsha bila kupeleka uso wako popote.

Kukataa kabisa sikushauri, walau si leo. Najua mwaka 2022 mahakama ya Uholanzi ilimpa haki mfanyakazi aliyefukuzwa na kampuni ya Florida kwa kukataa kuwasha kamera ya kompyuta siku nzima. Lakini yule alikuwa amekaa mezani, hakuwa na tani 30 mgongoni, na jaji wako atalitazama hilo. Saini, ila juu ya saini yako andika kwa mkono: nakubali kamera wakati wa kuendesha, sikubali wakati wa mapumziko. Piga picha ukurasa huo.

Shikamoo baba. Mume wangu ni dereva. Zamani akiegesha jioni tulikuwa tunaongea hata saa nzima. Siku hizi ananijibu "ndiyo", "sawa", "tutaongea". Niliumia, nikadhani ana mtu mwingine. Juzi alipokuja likizo akanieleza ni kamera. Je, ni kweli inasikia? Mimi sijasaini kitu chochote.
Mama wa wawili

Marahaba, binti yangu. Mumeo amekwambia kweli. Nyingi zina maikrofoni, na kwa nyingi sauti inaweza kuzimwa bila picha kuguswa. Tatizo ni kwamba hakuna anayekumbuka kuizima.

Nitakusimulia jambo ambalo bado linaniuma. Mwaka wangu wa pili pale ofisini ilikuja klipu ya breki ya ghafla, sekunde 12. Mbwa alikatiza, dereva akasimama vizuri, hakuna kosa. Lakini kabla ya mbwa, sauti ilikuwa imemnasa dereva akiongea peke yake. Alikuwa akijifunza namna ya kumwambia mkewe kwamba amenyimwa ruhusa ya kwenda nyumbani mtoto atakapozaliwa. Alilisema mara ya kwanza, akalibadilisha, akalisema tena kwa upole zaidi. Kijana mmoja wa ofisini aliirekodi klipu ile kwa simu yake. Kufika jioni uwanja mzima wa magari ulikuwa unamwigiza. Yule baba aliendesha wiki tatu nyingine, akaacha kazi. Mimi nilikuwa nimekaa kiti cha pili kutoka kwa kijana yule, na nilinyamaza. Nilikwenda kuomba sauti izimwe kwenye magari yote baada ya dereva yule kuondoka, na nikakubaliwa ndani ya dakika tano. Dakika tano hizo ningeziomba mapema, angekuwa bado kazini.

Kwa hiyo mumeo hajakosea kujilinda. Na hoja yako wewe ni nzuri kuliko unavyodhani: yeye amesaini, wewe hujasaini, na sauti yako inachukuliwa. California, kwa mfano, mazungumzo ya faragha hayarekodiwi mpaka wote wanaozungumza wawe wamekubali. Mwambie mumeo amuulize msimamizi swali moja tu, "Sauti imewashwa?" Ikiwa imewashwa, aombe kwa barua izimwe, na aitaje familia yake kuwa ndiyo sababu. Wakati mnangoja jibu, ashuke garini akiegesha, ndipo akupigie. Mtaongea kama zamani, hata kama ni kwa robo saa.

Mzee, mimi niko upande wa pili. Nina malori 11. Nimeweka kamera baada ya ajali mbili, na sasa madereva wangu wawili wazuri wanasema wataondoka. Nikiziondoa, nani atanilinda siku dereva wangu akisingiziwa?
Mwenye malori

Ndugu yangu, hofu yako naielewa. Nimeona gari dogo likimkatia dereva wetu mbele, kisha mwenye gari dogo akaapa kwamba dereva alikuwa kwenye simu. Kamera ya ndani ilionyesha mikono yote miwili kwenye usukani na macho mbele, shauri likaisha siku ile ile. Usiziondoe.

Badili matumizi yake. Sauti izime leo. Kamera ya upande wa dereva ijizime gari likizimwa. Mtu wa kutazama klipu awe mmoja, mwenye jina linalojulikana kwa madereva wote, na kila anapofungua kutazama papo hapo aandike sababu. Ukiweza kumpata aliyewahi kuendesha, mkalishe yeye kwenye kiti hicho, maana atajua tofauti ya kutazama kioo na kuzubaa. Klipu isiyo na ajali wala shauri ifutwe baada ya siku chache. Na dereva awe wa kwanza kuonyeshwa klipu yake, kabla ya msimamizi wala mtu wa bima. Pale kwetu tulipoanza hivyo, madereva walianza kuja wenyewe mezani kwangu: "Mzee, jana nilishtuka mahali fulani, hebu tuitazame."

Halafu kaa na milio ya usingizi ya mwezi mmoja, uiweke kando ya ratiba zako za safari. Mimi nilifanya hivyo mara moja, na nusu ya milio ilitoka kwenye safari zile ambazo mzigo ulichelewa kupakiwa mchana na bado tukadai ufike alfajiri. Madereva walikuwa tofauti, ratiba ilikuwa ile ile. Ulaya dereva akimaliza saa 4 na nusu za kuendesha lazima apumzike dakika 45. Wewe ratiba yako inampa ngapi?

Umeandika pia, mwisho kabisa wa barua yako ndefu, kwamba kila mlio unakata mshahara. Hilo liondoe kesho asubuhi, kabla lori la kwanza halijatoka getini, na wale wawili waite uwaambie wewe mwenyewe.