Ukipewa kundi la mahujaji, acha daftari nyumbani

Karibu Roma, mdogo wangu. Nasikia umeombwa kutembeza mahujaji wa kwetu, na kanisa la Santa Maria del Popolo limo kwenye ratiba. Mimi nilianzia hapo hapo, nikaboronga.

Mara ya kwanza nilisimama na daftari: Papa Sixtus IV alilijenga upya kati ya 1472 na 1477, msanifu Bramante akarefusha upande wa altare, mchoraji Pinturicchio akachora. Kugeuka, akina mama wameshaketi kwenye mabenchi, mmoja kavua viatu. Watu wametoka Dodoma juzi, nawahesabia miaka ya mapapa!

Siku hizi naulizia kwanza saa za misa, maana ile ni parokia, kisha nakwenda moja kwa moja kikanisa cha Cerasi, kushoto mwa altare kuu. Uwe na sarafu. Taa za pale huwaka ukitumbukiza hela, na huzimika ukiwa umekolea kusimulia. Humo mna picha mbili ambazo mchoraji Caravaggio alipewa kazi ya kuzichora mwaka 1600: Petro akisulubiwa, na Paulo ameanguka njiani kwenda Dameski. Watu watasukumana wazitazame uso kwa uso. Wazuie. Ziko kwenye kuta za ubavuni, naye alizipanga kwa jicho la mtu aliyesimama nje ya kikanisa, anayetazama kwa upande. Ukiwa pale, kichwa cha Paulo kinakujia.

Halafu nyamaza. Hapo ndipo wengi wetu tunashindwa. Lazima atatokea wa kuuliza mbona farasi kajaza picha nzima. Usikimbilie kujibu, mwache mwenzake ajibu. Katika kundi langu fundi mwashi mmoja aliziangalia nyayo chafu za kibarua anayeuinua msalaba wa Petro, akasema, "Huyu yuko kazini tu. Hajui anamuua nani." Daftari langu halikuwa na neno kama hilo.

Mkitoka, pitieni kikanisa cha Chigi. Msanii Raphael alikisanifu kwa ajili ya tajiri wa benki, Agostino Chigi. Wote wawili wakafa Aprili 1520, wakipishana siku chache. Mchongaji Bernini alikuja kukimalizia baada ya miaka zaidi ya 130. Tafuta sanamu zake mbili zinazotazamana kwa mshazari: Danieli na simba, na ng'ambo nabii Habakuki, malaika kamshika nywele akimwonyesha aendako. Soma Danieli sura ya 14 kabla hujaja, tena beba Biblia ya Kikatoliki, kwa sababu Walutheri kundini watafungua ya kwao na sura hiyo hawataiona.

Akina mama hupapenda hapo. Habakuki alikuwa amepika, anawapelekea wavunaji shambani, mara kanyakuliwa na chakula chake hadi Babeli, akampe Danieli tunduni mwa simba. Bibi mmoja aliniuliza kama kilifika kingali cha moto. Nilikosa jibu.