Gari la Spoti la Zamani Lenye Maili Chache: Ukague Nini Kabla ya Kutoa Hela

Tangazo likisema "la mwaka 1991, limetembea maili 11,000 tu", wengi husikia kwamba gari bado jipya. Mimi nasikia kwamba limelala. Swali langu la kwanza kwa muuzaji huwa lile lile: lililala wapi, na nani alikuwa akiliamsha?

Nazungumzia hasa Mazda MX-5 ya toleo la kwanza, ile yenye taa za mbele zinazochomoza, iliyooneshwa Chicago mwaka 1989 na kutengenezwa hadi 1997. Ndiyo niliyonunua hapa Uingereza, na ndiyo ninayompendekezea mtu anayetaka kuanza kuweka gari la kumbukumbu bila kuuza kiwanja. Ni jepesi, la takriban tani moja tu, magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma, na spea hazisumbui kwa kuwa Mazda imeshatengeneza MX-5 za matoleo yote zaidi ya milioni moja. Japani lilikuwa likiuzwa kwa jina la Eunos Roadster, na mengi yaliletwa Uingereza yakiwa mitumba kwa sababu usukani uko kulia nchi zote mbili.

Anza na hizo maili zenyewe. Hapa tumerahisishiwa: gari likishatimiza miaka 3 linafanyiwa kila mwaka ukaguzi wa lazima wa usalama, uitwao MOT, na kumbukumbu za kuanzia 2005 ziko bure kwenye tovuti ya serikali. Unaandika namba ya gari, unaona maili zilizosomwa kila mara. Watu huangalia kama namba ilirudi nyuma, wakimaliza hapo wanafunga ukurasa. Angalia na mapengo. Gari ambalo halikukaguliwa miaka sita mfululizo lilikuwa limeegeshwa mahali, na hiyo miaka sita ndiyo utakayoilipia wewe. Kama ni Eunos, spidomita yake ilitoka kiwandani ikisoma kilomita. Uliza ilibadilishwa lini na nani. Kisha linganisha na unachokiona: maili 11,000 haziwezi kuwa zimekula raba ya pedali ya klachi wala kulegeza upande wa kiti cha dereva.

Sasa kutu, maana MX-5 huuawa na kutu kabla injini haijachoka. Nyuma ya viti, pale paa la turubai linapokunjwa, kuna matundu ya kutolea maji ya mvua, kila upande lake. Yakiziba kwa majani na vumbi, maji hubaki ndani ya bodi na kula bati la chini ya mlango, hasa karibu na gurudumu la nyuma. Gari moja nililokwenda kuliona lilikuwa limepigwa nta mpaka unajiona sura. Nikamwomba mzee mwenye gari ruhusa, nikamimina maji ya chupa taratibu upande wa kulia. Yakadondoka chini, mbele ya gurudumu, kama inavyotakiwa. Nikamimina kushoto, tukasubiri. Kimya. Nikapiga magoti nikabonyeza bati kwa kidole gumba: rangi ikabonyea, vumbi la kutu likanibaki kidoleni. Mzee hakusema kitu, akaingia ndani ya gari kuzima redio. Kukata bati lililooza na kuchomelea jipya pande zote mbili ni mamia ya pauni, bado hujapiga rangi. Nilimshukuru nikaondoka.

Vitu vya raba navyo huhesabu miaka, havihesabu maili. Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne: 2311 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2011. Tairi la namna hiyo linaweza kuwa na kashata (meno ya tairi) nzuri kabisa na bado ni la kutupa. Mkanda wa taimingi, ule wa raba unaoendesha valvu za injini, Mazda walisema ubadilishwe kila maili 60,000, basi muuzaji atakwambia muda haujafika. Ubadilishe. Bahati nzuri, injini hii mkanda ukikatika utakwama barabarani tu, valvu hazigongi pistoni. Magari mengi ya spoti hayana huruma hiyo. Mafuta ya breki hunyonya unyevu, kalipa zinazobana breki hukwama, petroli iliyokaa huchafua tangi. Hesabu yote hayo kabla hujataja bei.

Ndiyo maana kati ya gari la maili 11,000 lililofunikwa turubai banda la nyuma na la maili 40,000 lenye risiti za kila mwaka, mimi huchukua la pili, na ndilo nililochukua. La kwanza lina thamani kubwa endapo tu aliyelitunza alikuwa akilitunza kweli, na huyo huwa na bahasha ya risiti ya kukuonesha.

Wanaotaka kulipeleka nyumbani: Kenya haipokei gari lililozidi miaka 8, kwa hiyo hapo sahau. Tanzania linaingia, lakini linatozwa ushuru wa ziada kwa uzee wake, na bado utamtafuta fundi. Na anayetaka kulinunua kama biashara, naye ajumlishe bima, maegesho na sevisi za miaka kumi ndipo aseme faida iko wapi. Bima yenyewe chukua ile mnayokubaliana thamani ya gari mapema, la sivyo ukipata ajali utalipwa bei ya mtumba wa kawaida.

Ukishalinunua, liendeshe. Kuliwasha dakika tano gereji kila Jumapili ni kulidhuru: maji yanajikusanya kwenye ekzosi na oili haipati moto wa kutosha. Mara mbili kwa mwezi, siku isiyo na chumvi barabarani (ile inayomwagwa wakati wa baridi kuyeyusha barafu, nayo huleta kutu), litoe nusu saa nzima mpaka injini ipate moto sawasawa. Maili zitaongezeka kidogo, ziache ziongezeke.