Mtoto ana homa na hataki kukanyaga: msimchue kwanza

Huku kwetu Newala msimu wa korosho ukianza, mtoto akichechemea kila mtu ana jibu: kaanguka mkoroshoni. Wangu alipoanza kuburuza mguu, bibi yake alishabandika maji ya kumkanda. Zahanati walimtoboa kidole, malaria hakuna, tukapewa panado.

Homa haikushuka. Aliyeteguka huumia akikanyaga. Huyu alilia hata akiwa amelala, na chini kidogo ya goti palikuwa na mahali pamoja, ukipabonyeza anaruka. Hospitali kubwa wakasema bakteria wameingia kwenye mfupa, wanaita osteomailitisi.

Si ugonjwa wa kila siku, ndiyo maana haufikiriwi haraka. Mara nyingi ni stafilokokasi, bakteria wanaoishi kwenye ngozi na puani. Wakipata upenyo, hata kipele, huingia kwenye damu na kutua kwenye ncha ya mfupa mrefu, pale unapokulia. Mtoto mwenye selimundu yuko hatarini zaidi, na kwake bakteria wengine, salmonela, pia husababisha. Kwa kuwa ameshazoea kuumwa mifupa, ni rahisi kumwambia avumilie. Akiwa na homa, msingoje.

Jambo ambalo wazazi wengi hatuambiwi: eksirei ya siku za mwanzo inaweza kuonyesha mfupa mzima kabisa. Mabadiliko yanaweza kuchelewa wiki moja hadi mbili. Ukiambiwa picha ni nzuri na mtoto bado anachemka, usiondoke. Mwonyeshe daktari kwa kidole panapouma, uliza vipimo vya damu na altrasaundi. Na usimwanzishie antibaiotiki za dukani, zinaweza kuficha bakteria maabara wanapojaribu kuwaotesha kutoka kwenye damu.

Kuhusu kuchua, mama mkwe sikubishana naye. Nilimwambia, "Mama, tungoje daktari aseme kwanza." Akakubali, kwa kununa kidogo.

Jiandaeni kukaa. Dawa huanza kwa mshipa, kisha vidonge, jumla ni wiki kadhaa. Usaha ukijikusanya, anaingia chumba cha upasuaji. Korosho zangu zilidondoka zikaokotwa na jirani, na sikumuuliza alipata kilo ngapi.

Kazi ilikuwa vidonge vya nyumbani. Mtoto anacheza mpira, homa hana, shangazi zake wananiuliza kwa nini bado namlisha madawa. Nilimpa mpaka cha mwisho, na tarehe ya kurudi kliniki tulikwenda ingawa hachechemei tena, kwa sababu mfupa unaokua hufuatiliwa hata baada ya maumivu kuisha.