Fyuzi Haina Kosa: kwa mafundi chipukizi wa vifaa vya studio

Wadogo zangu, salamu. Wiki hii kijana mmoja wa Chikongola, hapa Mtwara, kaniletea priampu, kile kifaa cha kukuza sauti ya maiki, aliyoiunda mwenyewe. Lehemu zake zinang'aa, waya zimelala vizuri, mikono yake ni mizuri kuliko yangu nilipokuwa na umri wake. Nikafungua nyumba ya fyuzi, nikakuta unyuzi wa shaba badala ya fyuzi. Sikumgombeza. Nilimtuma maji ya kunywa nipate muda wa kutulia, maana siyo wa kwanza mwaka huu. Basi naandika. Nachukulia mnasoma saketi, mnajua rangi za rezista na mna mita. Kama huna mita, ishia hapa, kanunue, ndipo urudi.

1. Washeni kwa balbu. Ile ya zamani ya nyuzi, wati 60 au 100, ifungwe mfululizo na waya wa moto. Ikimulika kisha ikafifia, kapasita zimejaa, endelea. Ikibaki inawaka kwa nguvu, kuna shoti, zima. Ya LED haifai kwa kazi hii, kwa hiyo ukiona ya nyuzi dukani nunua hata kama huna kazi nayo leo.

2. Regulata. 7815, ya volti 15 chanya, ukiitazama usoni, miguu ni kuingia, athi, kutoka. 7915, ya volti 15 hasi, ni athi, kuingia, kutoka. Hilo mnalijua, na wengi mnalipatia. Msilolitia akilini ni bati la mgongoni. La 7815 limeungana na athi. La 7915 limeungana na mguu wa kuingia. Ukilikaza kwenye boksi la alumini bila maika, kile kipande chembamba kisichopitisha umeme, umeme hasi wote umeupeleka kwenye boksi.

Mimi nililijua hilo baada ya kuunguza transfoma. Ulikuwa msimu wa korosho, wakati watu wana hela na kwaya zinakumbuka kurekodi. Studio moja ndogo ya Mikindani iliniagiza priampu ya chaneli mbili. Mezani, bodi ikiwa tupu, mita ilisoma 15 chanya na 15 hasi, safi kabisa. Nikawapigia simu wenyewe: Jumamosi leteni kwaya. Nikaingiza bodi kwenye boksi, nikakaza regulata zote mbili ukutani ili zipoe, nikawasha. Fyuzi ikaenda.

Nikaitoa bodi, nikaipima nje, inafanya kazi. Nikairudisha ndani, fyuzi. Mwenye akili hapo angejiuliza boksi linaongeza kitu gani. Mimi nikabadilisha dayodi. Kisha kapasita kubwa. Kisha nikaulaumu umeme wa mtaani, nikangoja watu walale ndipo niwashe, kana kwamba shoti nayo inalala. Muuza duka akaniuliza kama fyuzi nazila. Zilipomwishia, nikachomoa unyuzi mmoja kwenye waya wa spika, nikaufunga pale. Nilijiambia ni kwa kupima tu. Nyote mnajiambia hivyohivyo, nimewasikia.

Transfoma haikulipuka. Ingelipuka ningeshtuka mapema. Ilivuma na kupata joto taratibu, nami nimeinamia bodi nikitafuta volti za upande wa hasi, mpaka harufu ya vanishi ikanifikia. Ilikuwa transfoma ya duara, ya volti 18-0-18, imetoka Kariakoo kwa basi, imepita Kibiti, Nangurukuru na Mingoyo salama salimini, ije ifie mezani kwangu. Jumamosi kwaya ikafika na sare zao. Nikasema kuna kifaa kinasubiriwa. Mwalimu wao akajibu, "Haya fundi, Mungu akusimamie." Afadhali angenitukana.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja fundi redio wa sokoni, ambaye priampu ya studio hajawahi kuunda wala hana haja nayo. Saketi hakuiangalia. Aliweka mita kwenye mlio, ncha moja kwenye bati la regulata, ya pili kwenye boksi. Piiii.

"Hii umeikalisha juu ya nini, mwanangu?"

"Juu ya boksi, mzee."

"Na boksi ni athi?"

"Ndiyo, mzee."

Alicheka mpaka akakohoa. Akafungua kopo lake la maziwa ya unga, akanipa kipande cha maika alichokitoa kwenye ampu mbovu, na kile kibushi cha plastiki cha kuvisha skrubu, maana maika peke yake haitoshi, skrubu nayo inapitisha. Malipo yake yalikuwa soda baridi.

Kijana wa Chikongola, boksi lako nalo limepiga pii.

3. Fyuzi ikikatika tena baada ya kubadilishwa, acha kununua fyuzi. Jiulize kimebadilika nini tangu kifaa kilipokuwa kizima.

4. Mvumo usiutibu kabla ya kuujua. Umeme wetu ni 50 Hz, na ukipita kwenye dayodi za pande zote mbili unatoka na mawimbi ya 100. Wengi wenu mnapiga gitaa la besi, litumieni: uzi wa G ukipigwa wazi ni 98 Hz. Mvumo ukikaa karibu na noti hiyo, nenda kwenye kapasita za pawa sapulai. Ukishuka oktavi moja, kwenye freti ya tatu ya uzi wa E, tazama transfoma ilivyokaa karibu na waya za maiki, au mzunguko wa athi kati ya vifaa viwili. Sio msahafu, mara nyingi sauti zote mbili huwa zimechanganyika, lakini unaanza upande ulio sahihi. Kuna kijana wa Shangani aliyenibishia hili, akabadilisha kila kapasita ya kifaa chake. Mvumo ulikwisha siku dada yake alipoihamisha adapta ya simu kwenye soketi nyingine.

Na mguu wa athi wa plagi hauvunjwi. Nimemaliza. Pini namba 1 ya XLR, ile plagi ya pini tatu ya maiki, ifungwe kwenye boksi palepale inapoingilia, isitembezwe kwanza kwenye bodi. Mhandisi wa sauti Neil Muncy aliliandika hili tangu 1995, na bado naletewa pini 1 zilizozungushwa bodi nzima.

5. Maiki za kondensa na bahari yetu. Ndani kuna rezista ya gigaomu 1 au zaidi. Alama ya kidole na mafuta ya lehemu vikishika unyevu vinakuwa rezista nyingine kando yake, chaji ya kapsuli, kile kichwa kinachonasa sauti, inavuja, na masika ikifika maiki inakaanga. Safisha sehemu hiyo kwa spiriti ya isopropili na brashi, usiiguse tena, usiipulizie kwa mdomo. Vile vipakiti vinavyokuja na viatu vipya msivitupe. Viwekeni na maiki kwenye kopo lenye mfuniko mkali. Grisi ya kulehemu ya mafundi bomba isikaribie meza yangu.

6. Rezista mbili za 6.8k zinazopeleka volti 48 kwenye maiki, zichague kwa mita zilingane; kulingana kwao ni muhimu kuliko namba yenyewe. NE5532, aisii ya kukuza sauti, ukiipata kwa bei ya karanga, itilie shaka. Aisii zote zikae kwenye soketi.

7. Kabla ya kulehemu XLR, vika kwanza kifuniko chake kwenye waya. Najua unajua. Waya uliowaletea watu wa studio juzi umefungwa utepe mweusi kwa sababu gani?